Kiti cha Mama Mukwe

Shemeji yangu Guylain alikileta kiti siku ya Jumamosi, kimelazwa juu ya mkokoteni wa pusupusu na kufunikwa turubai la buluu, na nusu ya watu wa barabara yetu walikuwa wanakifuata nyuma. Guylain si mtu wa kufanya kazi kimyakimya. Alisimama katikati ya uwanja, akajipangusa mikono kwenye suruali ya atelye yake ya kuunga chuma, akangoja watu wanyamaze, kisha akalivuta turubai kwa mkono mmoja.

Watu walivuta pumzi, hata mimi. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona kitu kama kile hapa Kamina, isipokuwa Bijou muuguzi, na yeye alikiona kwenye picha tu. Chuma chote kilikuwa kimepakwa rangi ya fedha. Nyuma palikuwa na magurudumu mawili ya baiskeli, mbele mawili madogo ya mpira. Mgongo wa kiti uliweza kulala mpaka kiti kikawa kama kitanda. Mikono yake ilikuwa ya mbao ya mulombwa, iliyopigwa msasa hadi ikang'aa, na mito ilivalishwa ngozi nyeusi iliyotoka kwenye lori bovu. Jirani mmoja alikizunguka mara mbili, akakigusa kwa kidole kimoja na kurudisha kidole haraka, kana kwamba ameshika kitu cha altarini.

Kiti kile kilikuwa cha mama yetu.

Tangu tansio, presha ya damu, ilipopanda na kumwangusha, upande wa kuume wa Mama ulikuwa umelala na haukuamka. Mama Ndaya, aliyewashonea wanawake wa kanisa letu la Kimetodisti sare zao kwa miaka mingi, sasa alilala chali akitazama mabati. Kulala kule ndiko kulikozaa kidonda. Kilianza chini ya mgongo kama alama tu, kikafunguka, kisha kikaanza kuchimba. Siku aliyotuita nje ya chumba, mimi na dada yangu Priscille, Bijou hakuzunguka maneno. Alisema dawa anazoweka zinaosha tu, haziponyi. Kinachomuua Mama ni uzito wake mwenyewe kukaa mahali pamoja. Anapaswa kukalishwa, kisha kuegemezwa nyuma, kisha kurudishwa, mchana kutwa, ili uzito uhame. La sivyo kidonda kitafika kwenye mfupa, na kikifika kwenye mfupa, yeye Bijou hatakuja tena na bandeji. Atakuja kukaa kilioni pamoja nasi.

Kisha akatuonyesha picha kwenye simu yake: kiti cha magurudumu, chenye mgongo unaolala, cha hospitali za mbali. Priscille aliichukua ile picha akampelekea mumewe, Guylain.

Atelye ya Guylain iko ng'ambo ya barabara, mbele ya nyumba yetu. Diploma yake ya mekaniki imetundikwa ukutani ndani ya fremu ya chuma aliyoiunga mwenyewe, na mteja asiyeiona ataonyeshwa. Aliitazama picha, akaikuza kwa vidole viwili, akasema waliotengeneza kile kiti walikuwa na haraka. Yeye atafanya kizuri zaidi. Kuanzia hapo tulisikia jenereta yake ikinguruma kila asubuhi, na cheche zikaruka mpaka barabarani.

Basi Jumamosi ile tukaingia kumtoa Mama. Guylain aliposikia mlango wa chumba unafunguliwa, alikimbia. Mtu aliyekuwa ametanua kifua mbele ya watu wote alikwenda kujibana nyuma ya jiko, uso kwenye matofali. Hakuna aliyemcheka, maana kila mtu alijua. Ilikuwa bukwe.

Kwetu sisi Waluba, mwanaume hatazamani na mama wa mke wake. Hamshiki mkono, hali mbele yake, haingii chumba anacholala, na wakikutana njiani mmoja wao huingia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Mjini wengi wameilegeza desturi hiyo. Wanasalimiana kwa mbali baada ya ibada, mambo yanaisha. Guylain hakulegeza kitu. Alilelewa na babu yake kijijini upande wa Kaniama, na tangu alipomwoa Priscille hakuwahi kuinua macho mbele ya Mama. Akija kututembelea, alikaa nje chini ya dirisha na kuzungumza na ukuta.

Tulimbeba Mama, Priscille mabegani, mimi miguuni, tukamkalisha. Akapotea.

Sina namna nyingine ya kusema. Mama yetu ni mwanamke mfupi, mwenye mabega ya msichana, na ugonjwa ulikuwa umempunguza zaidi. Kiti kilimmeza. Mikono ya mbao ilimfika masikioni. Miguu yake ilining'inia mbali na mahali pa kuikanyagia, na kila upande palibaki nafasi ya kumkalisha mtu mwingine.

“Guylain,” dada yangu aliita, “hii kiti ulitengenezea nani? Goliati?”

Nyuma ya jiko sauti ikasema, “Ya Mama.”

“Mama gani? Mama ya nani?”

Uwanja mzima ukacheka, na ndani ya kile kiti Mama naye akacheka, kwa nusu ya mdomo, sauti ya kwanza ya furaha tuliyoisikia kwake tangu aanguke. Priscille hakumwachia mumewe. Alimuuliza kwa nini hakuomba vipimo, na mumewe akayajibu matofali kwamba mwanaume mwenye akili hawezi kumuuliza mke wake upana wa kiuno cha mama yake. Alifanya kwa kukumbuka.

Hapo kicheko kilinitoka. Kukumbuka nini? Mtu huyu alikuwa amekuja kwetu miaka yote hii, ameketi chini ya dirisha letu, amekula ugali wa jiko letu, na hajui kama mama mkwe wake ni mrefu au mfupi. Alichokuwa nacho ni sauti, na sauti ya Mama ilikuwa kubwa. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani. Kutoka kwenye sauti hiyo, na kutoka kwenye heshima, Guylain alikuwa amejijengea mwanamke mkubwa kama mlango wa kanisa, na akamtengenezea kiti.

Ila sehemu moja. Mahali pa miguu alikuwa amekunja bati kufanya vitanda viwili vidogo vya nyayo. Nilikichomoa kimoja nikakileta chini ya kisigino cha Mama. Kilimkaa kama kiatu kilichoshonwa na fundi aliyepima. Niligeuka nikalitazama jiko. Miaka yote ile Guylain alikuwa ameangalia chini, na chini alikuwa ameona miguu ya Mama. Aliijua miguu ile kuliko sisi binti zake.

Kiti cha Goliati kilirudi atelye. Jioni hiyo hiyo Mama aliniita. Maneno yake wakati ule yalikuwa yanatoka polepole, yameegemea upande mmoja, lakini yalikuwa yake.

“Umwambiye mukwe, kiti banaishonaka sawa nguo. Banipime kwanza.”

Tukampima. Guylain alikaa nje chini ya dirisha akiwa na chaki na kipande cha bati. Mimi nilikaa ndani na utepe wa kushonea. Mama alikuwa kati yetu, anasikia kila neno, lakini Guylain aliniuliza mimi, mimi nikamuuliza Mama, Mama akanijibu mimi, na mimi nikalipeleka jibu dirishani. Mama alikataa kupimwa akiwa amelala. Alisema mwili ukilala una urefu wake, ukikaa una urefu mwingine, na fundi asiyejua hilo atarudishiwa kila suruali. Tukamwegemeza kwenye mito, tukapima: goti mpaka kisigino, kiti mpaka kwapa, kwapa mpaka nyuma ya kichwa. Nje chaki ilikwaruza bati.

Tulipofika kiunoni, chaki ikasimama. Guylain alikohoa. Aliniuliza kama ninaona mvua itanyesha.

“Umwambiye mukwe wangu,” Mama alisema, “kiuno haina zambi. Minyi nilipima biuno ya bamama ya kanisa yote, na pasta hakunifukuza.”

Nilikitaja kipimo. Chaki ilikiandika taratibu sana.

Kiti cha pili kilimkaa. Mikono yake ilifika mahali pa mikono, miguu ilitulia kwenye vitanda vyake vya bati, kichwa kilipata mto. Priscille alipovuta kifungo, mgongo wa kiti ulilala nyuma taratibu, na Mama akaiona, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, picha ya marehemu Baba iliyokuwa juu ya mlango. Alikaa akiitazama. Tulidhani tumeshinda.

Lakini siku chache baadaye Bijou alifungua bandeji, na ilikuwa imelowa damu mpya. Kidonda kilikuwa kimepanuka. Bijou alikunja uso, akatuambia tumrudishe Mama kitandani na tusimkalishe tena mpaka tujue kiti kinamfanya nini. Nilimpelekea Guylain habari hizo dirishani. Nilingoja ajitetee, maana hiyo ndiyo kawaida yake. Badala yake alisema kwa sauti ndogo kwamba pengine wale wa picha hawakuwa na haraka. Pengine walijua jambo ambalo yeye halijui.

Mama alikuwa akisikiliza. Aliniambia nimletee vipande viwili vya kitambaa niviweke kimoja juu ya kingine chini ya mguu wa mashini yake ya kushonea, kisha nizungushe gurudumu. Nikazungusha. Meno ya mashini yalivuta kitambaa cha chini, cha juu kikabaki nyuma, na katikati pakatokea mkunjo.

“Ukiendelea, itapasuka,” alisema. “Njo minyi huyu, sawa hii kitambaa. Mugongo ya kiti ikilala, mifupa yangu inateremuka, ngozi inabakia. Umwambiye asilalishe mugongo. Alalishe kiti yote.”

Sikupata nafasi ya kupeleka ujumbe. Nilifungua pazia, mahali pa Guylain palikuwa patupu, na tayari nyundo ilikuwa inalia ng'ambo ya barabara.

Nilikwenda kumtazama akifanya kazi. Walimu tulikuwa likizoni, na hata tusingekuwa likizoni ningetafuta sababu. Alikata kiti kilichomgharimu usingizi wake kama mtu anayekata muhogo. Mgongo na kikalio alivisudeya kwa moto vikawa kitu kimoja kisichokunjika, akakitundika katika fremu kwa misumari miwili minene ya kuzunguka, mmoja kila upande, mahali ambapo uzito wa mtu aliyekaa unajisawazisha. Alitumia kipande cha bati chenye maandishi ya chaki, akahesabu, akafuta, akahesabu tena. Alipomaliza aliniambia nikae. Alikisukuma kiti kwa kidole kimoja nyuma ya kichwa changu. Goti langu halikufunguka, kiuno changu hakikufunguka, hakuna kilichonivuta wala kunikwaruza. Nilibaki nimekaa vilevile, na dunia ndiyo iliyoinama. Paa la atelye likaja mbele ya macho yangu, kisha mlango, kisha mawingu, na uzito wangu wote ukatoka kwenye makalio ukaenda kulala mgongoni kama maji yanavyohama ndani ya bidoni ya plastiki. Watu wawili wasiowahi kutazamana, mmoja hawezi kuinuka kitandani, mwingine hawezi kuingia mlangoni, walikuwa wamefikiri jambo moja kupitia ukuta.

Guylain hakufurahi. Alisema kiti kinachoinama hivyo kwa kidole kimoja kinaweza pia kumwaga mtu kwa kidole kimoja. Alikuwa na wasiwasi na uwanja wetu, ambao unashuka kutoka mlangoni hadi kwenye mfereji uliochimbwa na mvua kando ya barabara, mfereji ambao mwaka uliopita ulimeza gurudumu la gari. Freni za kawaida, yaani breki za kubanwa na mtu, hakuzitaka. Freni ya kawaida inamngoja mtu aikumbuke, na sisi watu tunasahau.

Alipokuwa mwanafunzi alifanya mafunzo kwenye karakana ya treni, na kutoka huko alirudi na jambo moja ambalo hulisimulia kama wengine wanavyosimulia ndoto. Mabehewa yameunganishwa kwa bomba la hewa. Hewa ndiyo inayozifungua freni. Bomba likikatika, hakuna anayehitaji kupiga kelele. Kila behewa linajifunga lenyewe. “Unasikia, Noémie,” aliniambia, macho yakimeta. “Kufunga njo tabia yake. Kutembea iko ruhusa.”

Hivyo ndivyo alivyokifanya kiti. Chini ya kikalio aliunga nusu ya sahani ya meno ya mnyororo wa baiskeli, na resori, springi ngumu, ikausukuma ulimi wa chuma kati ya meno yake. Kwenye kila gurudumu la nyuma akafanya ulimi mwingine. Nyuma kabisa, kwenye mpini wa kusukumia, akaweka vishikio viwili. Ukibana cha kushoto, kiti kinainama. Cha kulia, kinatembea. Ukiachilia, hata kwa kuchoka, hata kwa kuanguka, hata kwa kufa, kila ulimi unarudi kwenye meno yake. Alikijaribu kwa gunia la mahindi kwenye mteremko wa njia ya reli, mara nyingi kiasi kwamba wanawake wa soko walianza kulisalimu gunia.

Mama akakalia kiti cha tatu. Damu haikurudi. Bijou alikiinamisha mwenyewe, akakirudisha, akakiinamisha tena, akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia jibu la sala ya mwingine. Lakini alituambia ukweli wote. Kiti peke yake hakitoshi. Lazima pawe na mkono wa kukiinamisha mchana kutwa, na mchana ndio saa ambazo nyumba yetu inakuwa tupu: mimi darasani, Priscille sokoni na samaki wake wakavu wa Kinkondja. Jirani yetu aitwaye Mujinga alijitolea, akafanya vizuri kwa wiki moja, kisha tukaanza kumkuta amelala kwenye mkeka na Mama ameegemea vilevile tulivyomwacha asubuhi. Kidonda hakikukua, lakini hakikufunga. Bijou alisema kidonda kinachosimama kinachagua njia, kufunga au kuchimba. Na ng'ambo ya barabara, mchana kutwa, alikuwapo mtu aliyekijua kiti kile kuliko wote, na asingeweza kukikaribia kikiwa na Mama ndani.

Mvua za kwanza zilinyesha usiku wa kuamkia Jumapili. Asubuhi jua lilitoka, na Mama alitaka kutolewa nje asikie nyimbo za kanisa kutoka mbali. Priscille alisukuma, mimi nikatembea ubavuni na mto. Guylain alikuwa chini karibu na mfereji, ametugeuzia mgongo, anajifanya anatengeneza lango ambalo halikuwa na ubaya wowote.

Udongo wetu ukilowa ni sabuni. Sandali ya Priscille ilikatika, mguu ukateleza, akaanguka kwa magoti, na mikono yake yote miwili ikaachia mpini. Alipiga kelele. Mimi niliunyosha mkono nikashika hewa. Kiti kilikuwa tayari na mwendo wake, na mbele yake palikuwa na mteremko, na mwisho wa mteremko mfereji.

Guylain aligeuka. Nilimwona akigeuka, nikamwona akitupa nyundo, akipanda mbio na mikono imefunguliwa wazi kama mtu anayekwenda kumpokea mtoto. Kichwani mwake hamkuwa na babu wala kijiji. Alikuwa anakwenda kumkumbatia mama mkwe wake mbele ya barabara nzima.

Kiti kikasema *tak*.

Magurudumu yakasimama palepale. Kilisogea mbele kidogo juu ya tope, kikatulia. Mama aliyumba ndani yake, akarudi kwenye mto wake. Na Guylain, hatua moja mbele yake, naye alikuwa amesimama, mikono bado imefunguliwa, anahema, na macho yake yalikuwa juu. Alikuwa anamtazama usoni.

Hakuna aliyesogea. Kanisani walikuwa wanaimba. Nilimwona Guylain akimwona Mama: paji lake dogo la uso, shavu lililoshuka, mvi zilizochungulia chini ya kitambaa. Nilifikiri atafunika macho, lakini hakuweza. Na Mama alikuwa anamtazama yeye, kuanzia nywele mpaka viatu, taratibu, kama alivyokuwa akimtazama mteja anayeingia mlangoni.

“Mukwe,” alisema. Hakuniambia mimi nimwambie. “Njo weye huyu?”

“Njo minyi, Mama.”

“Minyi nilizania uko murefu.”

Priscille, bado kwenye magoti, tope mpaka kwenye mapaja, alianza kucheka na kulia kwa pamoja. Guylain alishusha mikono. Hakujua aiweke wapi. Mwishowe alizunguka nyuma ya kiti, akashika mpini, na akauinamisha uso wake. Hapo Mama akasema jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameliona. Alisema kwamba mtu akisimama pale nyuma anaona kitambaa cha kichwa tu. Mikono yake inashika chuma, haishiki ngozi. Haoni uso, haonwi uso. Alimuuliza mkwe wake kama si yeye aliyeuweka mpini mahali pale, na kama ni yeye, kwa nini amemwachia Mujinga ausinzilie.

Guylain alibana kishikio cha kulia, akamsukuma Mama kurudi mlangoni, polepole kama mtu anayebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni.

Macho yao yalikuwa yamekutana, kwa hiyo desturi ilidai faini yake. Mama alitaja kuku jike na kitenge, Guylain akavileta kabla ya jua kuzama, na kuku alikuwa mkubwa kiasi kwamba Priscille aliuliza kama huyu naye ametengenezwa kwa kukumbuka. Bukwe haikufa siku hiyo. Mpaka leo Guylain hali mbele ya Mama, haingii chumba chake, na akisalimia anasalimia akiwa nyuma. Lakini kuanzia Jumatatu, kila asubuhi kabla sijaenda shuleni, tulimleta Mama barazani tukakifunga kiti, na jenereta ya ng'ambo ikapata tabia mpya. Inanguruma, inanyamaza. Guylain anavuka barabara, anabana kishikio cha kushoto, Mama anainama nyuma, *tak*. Anarudi, inanguruma, inanyamaza, anavuka tena. Watu wa barabara yetu walianza kujua saa kwa kuvuka kwake. Wateja walinung'unika kuhusu madirisha yao yanayochelewa. Aliwaambia wapeleke kwingine. Wakati mwingine alikaa kidogo, nyuma ya kiti, na nikirudi mchana niliwakuta wote wawili wanatazama upande mmoja, wanabishana: Mama anataka mto wa shingo ushonwe kwa pamba ya hapa, Guylain anataka sponji. Walibishana kama mafundi wawili wa karakana moja.

Miezi ilipita, mahindi yakachanua. Siku moja Bijou alikuja, akatoa glavu, akafungua bandeji ya Mama chumbani, na akainama karibu sana, mpaka tukaogopa. Priscille alinishika mkono. Nje, chini ya dirisha, Guylain alikuwa amekaa mahali pake pa zamani, na hata jenereta yake ilikuwa imezimwa.

Bijou aliiweka bandeji kando. Ilikuwa kavu. Alitupisha ili tuone.

Pale palipokuwa na shimo, shimo ambalo nilikuwa nimeliosha kwa mikono yangu nikiogopa kuona mfupa, palikuwa pamefunga. Ngozi mpya ilikuwa imekuja kutoka kila upande na kukutana katikati. Ilikuwa nyembamba, laini, nyepesi kwa rangi kuliko ngozi nyingine ya Mama, na iling'aa kidogo kama ndani ya ganda la njugu. Bijou alisogea dirishani akamweleza Guylain kwa maneno machache. Tulisikia pumzi ndefu, na baadaye sauti ya mtu anayejipangusa uso kwa shati.

Nilinyosha kidole. Sikuamini macho. Niligusa ile ngozi mpya kwa ncha tu, kama vile jirani alivyokigusa kiti siku ile, na ilikuwa na joto.

“Toa mukono, Noémie,” Mama alisema ndani ya mto. “Unanitekenya.”